Redio Iliyomkimbia Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa rika moja walikuwa wakienda Kiwira kwa miguu kutazama tu magari yakishusha watu, wakarudi wamechoka na midomo imejaa habari. Mimi nilibaki jikoni nikazipokea habari hizo zikiwa zimeshapoa, na sikuona nilichokosa. Nilipoolewa Lupepo, mama yangu aliniaga kwa maneno machache: "Huyu angalau hatapotea njia, maana hatoki."

Basi jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa nililifanyia ndani ya nyumba, na nusu yake ukutani.

Nianze na baba mkwe, ingawa kusema kweli nilikuwa simjui. Nilimjua miguu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, wala mzee hamtazami mkwewe. Wakikutana njiani mwanamke anajifunika kanga na kuingia migombani, na mzee anapita akitazama mbele kama mtu aliyekumbuka ghafla jambo la mbali. Tunaita ukutila. Kanisani walikuwa wameshalilegeza, na wenzangu walioolewa na walimu walikuwa wakiwapa baba wakwe zao mkono mchana kweupe. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, tena wa safu ya mbele, lakini katika hilo alisema wachungaji hawakumwuliza yeye.

Kwa miaka minne ya ndoa nilikuwa nimeona katambuga zake, ncha ya fimbo yake na pindo la koti lake. Sauti ndiyo niliijua hasa, kwa sababu jiko la mama mkwe lilipakana na sebule ya mzee. Kati yao ulikuwapo ukuta mmoja tu wa mianzi iliyokandikwa udongo, na jikoni ndiko nilikoshinda. Kabla ya kuingia uani mzee alikuwa anakohoa mara mbili. Kikohozi kile kilikuwa honi: napita, ondokeni njiani.

Siku barua ya mume wangu ilipofika tulikuwa jikoni, mama mkwe na mimi, tunamenya ndizi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya ya kijiji, na kwaya ile ilikuwa imechaguliwa kwenda Dar es Salaam kurekodiwa. Mzee hakwenda kuwasindikiza. Alikuwa amemwambia mwanawe mbele ya watu kwamba kuimba ni kazi ya ndege, wana mbawa na hawana shamba. Hawakuagana vizuri, na tangu siku hiyo jina la mwanawe lilikuwa halitajwi sebuleni.

Sasa mzee aliisoma barua kwa sauti, pole pole, neno moja moja, kama anavyosoma mtu anayehakikisha hadanganywi.

"Tumeimba mbele ya mashine. Wataturusha hewani Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Wimbo wa pili naanzisha mimi peke yangu. Baba, usikose."

Akarudia yale maneno mawili ya mwisho, safari hii chini chini. Mimi na mama mkwe tukasimamisha visu.

Redio pale jirani ilikuwa moja, ya balozi wetu wa nyumba kumi. Mama mkwe akaropoka kupitia ukutani, "Mzee, si utakwenda kwa balozi usikie?"

"Mwanangu aniimbie kwa jirani?" mzee akajibu. "Watu wanitazame usoni wakati nasikiliza? Nitaagiza redio yangu kwa yule fundi wa Bulyaga. Anaunda kwa oda, unachagua mwenyewe."

Sijui ni kitu gani kilinipata. Labda ni kidato cha nne, ugonjwa ambao huwa hauponi kabisa. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayejua ukuta ni mwembamba: "Mama, redio hata mimi naweza kuunda."

Mzee akauliza, "Mama, kuna mtu amesema humo ndani, au ni kuku?"

"Ni kuku," akajibu mama mkwe. "Wa sekondari."

"Kuku huyo anajua anachosema?"

Mama mkwe akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Shuleni mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha kuunda redio ndogo ya transista, na mchoro wake niliunakili kwenye daftari ambalo nilikuwa nalo bado, limefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Redio tuliyounda siku zile ilisema dakika chache tu, kisha mwenzangu mmoja akaikalia. Lakini ilisema! Hilo sikulisahau.

"Anajua," akasema mama mkwe.

"Basi mwambie hivi," mzee akasema, ingawa nilikuwa nasikia kila neno. "Fundi anataka wiki mbili kamili kuunda. Na hizo ndizo tulizo nazo. Nikimwachia huyo kuku, oda haitawahi tena. Akishindwa, mwanangu ataimba na mimi nitakuwa nimekaa hapa natazama ukuta. Mwulize kama amesikia."

Nilikuwa nimesikia, nikarudia kumenya ndizi.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo watu wa Lupepo walilizungumza kwa muda: nilitoka. Nilikwenda Bulyaga, mjini Tukuyu, kwa miguu yangu mwenyewe. Fundi alikuwa mzee wa Kiislamu mpole, kofia safi na miwani imefungwa kwa uzi, na kibanda chake kilinuka risasi ya kulehemia na varnishi. Rafuni alikuwa ameweka redio moja ya oda iliyomsubiri mwenyewe. Jamani! Kasha la mbao linang'aa mpaka najiona pua, kitambaa cha dhahabu mbele ya spika, vifundo viwili vyeupe kama meno ya mtoto. Nilitamani kuinama kuisalimia.

"Karibu, mke wa mwalimu," fundi akasema. "Nasikia mzee anataka redio."

"Umesikia kwa nani?"

"Tukuyu hii, dada? Mvua na habari havijawahi kukosekana." Akachukua kalamu. "Haya, tuchague. Kasha la mvule au la msonobari? Kitambaa chekundu, cha kijani, au hiki cha dhahabu? Spika kubwa au ya wastani? Nitamshonea kama kanzu, kwa kipimo chake."

"Sitaki iliyoshonwa," nikasema. "Nataka vitu vyenyewe. Kimoja kimoja."

Akavua miwani. "Unataka nikuuzie kanzu ikiwa pamba?"

"Na sindano, kama ipo."

Alicheka mpaka fundi baiskeli wa jirani akachungulia. Nikamwambia, kwa kiburi cha kukaza shingo, "Si tunaambiwa kila siku tujitegemee?"

"Tunaambiwa tulime, dada. Sijasikia wakisema tuunde stesheni."

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiona mchoro mkono wake unauendea wenyewe. Akalifungua daftari langu, akapitisha kidole kwenye mistari, akaguna. Akanitolea transista tatu kutoka kwenye kopo la maziwa, spika iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, ile kondensa ya kuzungusha ya kutafutia stesheni, waya mwembamba wa shaba, na chuma cha kulehemu chenye mpini wa mti. Akanifungia vyote kwenye gazeti.

"Nikuambie kitu," akasema. "Ile pale rafuni haimjui mtu. Ukiiwasha wewe, nikiiwasha mimi, inasema tu. Hii yako ni ya aina nyingine. Inamzoea aliyeiunda."

Nilidhani ananisifu. Nilirudi Lupepo nikipanda mlima kama naushuka.

Siku zilizofuata nyumba yangu iligeuka karakana. Chuma cha kulehemu nilikitia kwenye jiko la mkaa kando ya sufuria, kikishika moto nakimbia nacho mezani kabla hakijapoa, nalehemu waya mmoja, narudi. Kwa hesabu hiyo nilitembea kuliko waliokwenda Kiwira. Niliunguza kidole gumba, nikaunguza meza, na ndizi sizitaji.

Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, akanusa. "Chakula kinaungua."

"Kinaungua kwa sababu ya sayansi, mama."

"Na hiyo sayansi jioni italiwa na nani?"

Lakini akakaa. Akashika waya wa shaba, mimi nikausokota juu ya kipande cha mwanzi mkavu nilichokichomoa darini, kilichokaushwa na moshi wa miaka mingi. Tulikuwa tunahesabu mizunguko pamoja, yeye kwa Kinyakyusa, mimi kwa Kiswahili, na kila tulipopishana tulianza upya tukicheka. Kwa kasha nilipata sanduku la mbao nyembamba la kufungia majani ya chai. Ndani lilikuwa limepakwa karatasi nyembamba ya madini, inang'aa. Nikaibandua yote kwa subira, vizuri kabisa, nikasugua mpaka mbao ikawa safi. Nilijiona fundi mwenye unadhifu. Hilo nitalirudia, kwa aibu.

Siku niliyounganisha betri ilikuwa adhuhuri, mvua inanyesha kama kawaida yake. Waya wa eria, ule wa kunasa mawimbi, niliutoa dirishani mpaka kwenye mti wa mparachichi, na waya wa pili niliuchimbia ardhini. Nikazungusha. Hakuna. Nikazungusha tena, nikasogeza mkono, na sanduku la chai likapiga mluzi mrefu, likakoroma, halafu mtu akasema wazi kabisa, katikati ya meza yangu, "...na katika mkoa wa Mwanza, mavuno ya pamba..."

Nikapiga kelele. Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni nyoka. Akasimama, akasikiliza, akazunguka meza, akatazama chini yake. "Mwanza?" akauliza. "Mwanza kule?"

"Mwanza kule!"

"Na sisi tuko hapa?"

"Tuko hapa hapa, mama!"

Akaniangukia shingoni. Tulicheza sakafuni, mtu na mama mkwe wake na mwiko, mavuno ya pamba yanatupigia ngoma. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Kitu chenye transista tatu, mwanzi, na sanduku la chai, nilichokijua kila kiungo kwa kidole kilichoungua, kimekwenda mpaka Dar es Salaam na kurudi, na mimi sijavuka uzio. Mtu wa nyumbani angetaka nini zaidi?

Ijumaa, siku moja kabla ya wimbo, mzee alikwenda kwa ndugu yake kumtazama ng'ombe aliyezaa, nasi tukaihamishia redio sebuleni kwake. Niliipanga mezani, nikafunga eria, nikakaa mbele yake nikatafuta stesheni. Ikasema, safi. Nikamwachia mama mkwe maelekezo ya kutogusa kitu chochote, nikatoka. Nilikuwa sijafika kwenye migomba niliposikia mluzi. Nikarudi, nikasogea mezani; redio ikasema vizuri kama mtoto aliyeshikwa akifanya utundu. Nikatoka, mluzi. Nikarudi, maneno.

Halafu kikohozi kikasikika uani. Mara mbili. Nikajifunika, nikatokea mlango wa jikoni.

Mzee akaingia, akapokewa na filimbi.

"Hii ndiyo redio?" akauliza.

"Ilikuwa inasema sasa hivi," mama mkwe akasema. "Haki ya Mungu, ilikuwa inasema."

"Ilikuwa inasema akiwa nani humu?"

"Akiwa yeye."

Mzee akakaa. Nikasikia kiti. Redio ikaendelea kulia, uiii, uiii. "Naona," akasema taratibu. "Imelelewa vizuri. Nikiingia mimi, inakimbia. Inanitila."

Mama mkwe alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mimi upande wa pili sikucheka. Kesho saa kumi mume wangu angeimba mara moja tu, na nilikuwa nimemnyima baba yake redio ya vifundo vyeupe ambayo ingekuwa mezani pake muda huu, inamsemea mtu yeyote bila kubagua. Mluzi ule ulikuwa unanitaja kwa jina.

Jumamosi asubuhi mzee alikwenda shambani makusudi, na mimi nikaingia vitani. Ndipo nikaelewa alichosema fundi. Redio ya namna hii inauhisi mwili. Ukikaa karibu nayo, mkono wako na kifua chako vinakuwa sehemu ya redio yenyewe, kama kiungo kingine kilicholehemiwa. Ukiondoka, umeondoa kiungo. Mimi niliiunda nikiwa nimeiinamia siku zote, nikaipima nikiwa nimeiinamia, sikuwaza hata mara moja kwamba mtu nimuundiaye ni mtu ambaye siruhusiwi kukaa naye chumba kimoja. Na ile karatasi ya madini niliyoibandua kwa unadhifu? Fundi alikuja kuniambia baadaye, akijizuia kucheka, kwamba ile ndiyo ingeikinga redio na mwili wangu. Ningeiacha nikawa mchafu kidogo, ningekuwa salama.

Nilijaribu kuzungusha kifundo kwa mwiko nikiwa mbali. Ikashika, kisha ikateleza, nikairudisha, ikateleza, kama mtoto asiyetulia mgongoni. Mama mkwe aliweka mkono wake mahali pa wangu. Redio ikapiga yowe, ikatupeleka kwa watu wanaosema lugha tusiyoijua, naye akaruka nyuma. "Mimi hainitaki," akasema. "Ina mwenyewe."

"Mama, lazima nikae nayo."

"Na mzee?"

"Na mzee lazima akae nayo."

Tukatazamana. Saa ya mezani ya mzee ilikuwa imeshapita saa nane.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo najipigia makofi. Nilichukua kisu nikakata nyaya mbili zilizokwenda kwenye spika, nikaichomoa spika kutoka ndani ya sanduku. Ile ya fundi, yenye varnishi na kitambaa cha dhahabu, nani angethubutu kuitia kisu? Hata ningekuwa na ujasiri, nisingejua nikate wapi. Hii nilijua, kwa sababu mikono iliyofunga ndiyo iliyofungua. Nikachukua waya wa eria uliobaki, nikaurefusha ule wa spika. Redio nikaibeba kuipeleka jikoni, nikaiegemeza kwenye ukuta wa mianzi. Kilichobaki ni tundu.

Mzee alikuwa amerudi. Alikohoa, akaingia sebuleni, akaona meza tupu.

"Imekimbia kabisa sasa?" akauliza.

"Iko huku jikoni," mama mkwe akasema. "Mzee, anaomba kutoboa ukuta wako."

"Ukuta wangu?"

"Kidogo. Waya upite."

Nikasikia mzee akivuta pumzi, akiishusha. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuomba kitu kama hicho. Nilikuwa nimeshika msumari wa moto kwa kitambaa.

"Atoboe," akasema mwisho. "Asichungulie."

Nikatoboa nimefumba macho. Nasema kweli, nilifumba, na ndiyo sababu tundu lile halikunyooka. Mama mkwe akapokea waya upande wa pili, nami nikamwelekeza kupitia udongoni: chubua ncha, funga huku, funga kule, usizigusanishe. Mwanamke yule hakusoma hata darasa moja, na alifunga spika kwa mafundo ambayo fundi wa Bulyaga angeyaonea wivu. Nikawasha. Sauti ikatoka sebuleni ikiwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Haina tumbo," mzee akasema.

Kweli. Nilikuwa nimeiondolea kasha. Kabla sijafikiri la kufanya, mama mkwe akachukua chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kile kikubwa cha maji, akakimwaga nje, akailaza spika mdomoni mwa chungu. Sauti ikashuka, ikapanuka, ikajaa nyumba. Mzee akasema "Eeh!" kabla hajajizuia.

Ilibaki robo saa. Mvua ikaanza tena, na kila radi ilipopiga mbali kule mlimani Rungwe chungu kiliguta. Mimi nilikaa kwenye kigoda, kiganja cha kulia kimeganda juu ya sanduku la chai, cha kushoto kwenye kifundo. Stesheni ilipoteleza niliifuata kwa unene wa ukucha. Upande wa pili, mkono mmoja tu kutoka kwangu, nilisikia mzee akisogeza kiti chake karibu na ukuta. Nilisikia pumzi yake. Miaka minne, na hatukuwahi kukaa karibu hivyo.

Mtangazaji akataja kijiji chetu. Akakitaja vibaya, lakini kilikuwa chetu. Wimbo wa kwanza ukaimbwa na wote, ukaisha, na mama mkwe akapiga vigelegele, mzee akamnyamazisha. Kisha kimya kidogo cha mlio wa hewa. Kisha sauti moja.

Nilimtambua kwa pumzi kabla hajatamka neno. Alianza chini, polepole, wimbo wa kusifu shamba la chai la kijiji, maneno ambayo niliyasikia mara mia akiyapima huku ananyoa ndevu, na kamwe hayakuwa yamewahi kunigusa. Sasa yalinichoma. Kidole kikateleza kwenye kifundo, redio ikatoa mluzi mdogo.

"Mwambie atulie!" mzee akapaza sauti.

Nikatulia.

Mume wangu akapandisha. Kwaya ikamdaka, akatoka tena peke yake juu yao.

"Huyo siye," mzee akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiye," akasema mama mkwe.

"Siye. Mwanangu haimbi hivi."

"Ulishawahi kumsikiliza?"

Nilisikia fimbo ya mzee ikiegeshwa ukutani, upande ule ule wa kichwa changu. Halafu, chini ya sauti ya chungu, ikaingia sauti nyingine, nzito, yenye kutu, inaifuata kwaya kwa besi. Mwanzo ilikosea. Ikatafuta, ikapata, ikakaa. Alijua sauti ile ya chini. Alikuwa amesimama safu ya mbele kanisani maisha yake yote. Mwanawe aliimba kutoka Dar es Salaam, baba akamjibu kutoka Lupepo, na mimi katikati yao nilikuwa waya.

Wimbo ulipoisha mtangazaji akaanza kusema juu ya kwaya ya mkoa mwingine. Nikataka kuzima. Bega lilikuwa limekufa ganzi, na inzi alikuwa ametua puani pangu muda mrefu, ananitembelea bila haraka, mikono yangu yote miwili haina nafasi.

"Mama," mzee akasema.

"Naam."

Nikasikia sauti yake imegeuka, haielekei tena kwa mkewe. Ilikuja moja kwa moja ukutani, pale kwenye tundu la waya, ikaingia jikoni bila kupitia kwa mtu.

"Usizime kwanza," akaniambia. "Huenda wakarudia."

Hawakurudia. Walipiga kwaya za mikoa minne. Tulizisikiliza zote.